Mgeni wa Siku ya Pili

Hadithi inakuja, na inakuja na vumbi miguuni. Mwenye kigoda asogee, mwenye sufuria jikoni aipunguzie moto, maana hii haina pa kuikatizia.

Palikuwa na mwanamke wa Mwisole, jina lake Nyamizi, mpika maandazi. Mali yake ilikuwa karai moja, chujio lenye mpini uliopinda, na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, mdogo wake wa kike Kalunde, mfinyanzi. Kalunde aliaga siku moja kwamba anakwenda nchi ya Pengoni kuangalia tanuri lao, kwa sababu sifa za tanuri hilo zilikuwa zimefika mpaka kisimani. Alisema atakaa siku tatu. Miaka kumi na miwili ikapita.

Si kwamba hakuleta habari. Kila mwaka baada ya mavuno, mpita njia mmoja au mwingine alishusha mlangoni kigae cha udongo uliochomwa, ukubwa wa sinia ndogo, kimeandikwa: "Mimi Kalunde ni mgeni wa siku ya pili. Kesho natoka." Cha kwanza kilipofika walipiga vigelegele. Cha pili wakaguna. Kilipofika cha kumi na mbili, Nyamizi alivipanga vyote ukutani akaona havitofautiani hata kwa upana wa ukucha. Mama yao hakuguna hata mara moja. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na mwanga wa kutambua mlango na dirisha tu, lakini kila jioni aliagiza maji ya kuoga ya Kalunde yawekwe nyuma ya nyumba kwenye ndoo yenye kifuniko, kwa kuwa kesho anatoka. Asubuhi yalimwagiwa mchicha. Mchicha wa nyumba ile ulikuwa mzuri sana.

"Nyamizi," mama akasema siku moja, "hiyo kesho ya mdogo wako nataka kuiona mimi, kabla macho haya hayajafunga duka. Nenda kaniletee."

Nyamizi akakanda unga siku hiyo hiyo, akakaanga maandazi thelathini, akayafunga kwenye kitambaa, akaondoka. Alipouma la kwanza, nyumba haionekani tena, akagundua kwamba kwa haraka ile alisahau sukari. Akala hivyo hivyo. Mengine ya njiani tuyaache njiani.

Lango la Pengoni ni la mawe, refu, lina komeo la shaba linalong'arishwa kila Ijumaa. Upande wake wa kulia hapana ukuta. Upande wake wa kushoto hapana ukuta. Mbuzi hupita kando, watu hupita langoni.

Mlinzi alikuwa mtu mzima mwenye sharubu zilizochanwa, jina lake Mdeka. Alimwona Nyamizi, akasimama wima, akainua uso kwenye kigae kilichotundikwa juu ya lango, akasoma kwa sauti ya kazi: "Karibu, pembe, jina la mgeni, pembe."

"Ahsante, baba. Mimi naitwa Nyamizi."

"Sikukuuliza jina, mama. Nimekukaribisha."

"Umenikaribisha kwa jina gani?"

"Kwa lililoandikwa."

Hapa ni lazima kueleza watu wa Pengoni wanavyosema, la sivyo yaliyofuata yataonekana ya wendawazimu, na wao si wendawazimu. Zamani mtawala wao mmoja aliona watu wake wanapoteza muda mwingi kutunga sentensi, na sentensi zenyewe ni zile zile: karibu fulani, pole fulani, fulani kapotelewa na ng'ombe. Akaamuru kila sentensi ya maana itungwe mara moja tu, ifanyiwe kalibu ya mbao, ikandwe kwa udongo, na pale penye fulani paachwe pengo. Kila pengo likawekewa pembe mbili, moja huku moja kule, kama za ng'ombe wanaotazamana, na katikati ya pembe likaandikwa jina la kibuyu.

Vibuyu vina nyumba yao. Ni maelfu, vimepangwa rafu kwa rafu, na kila kimoja kina kibandiko shingoni: jina, kijiji, siku, idadi ya ng'ombe. Ndani yake mna kidonge cha udongo mbichi chenye neno la wakati huo. Kigae kibichi kikifika mdomoni mwa tanuri, mtu anayeitwa mjazaji hukitazama kichwani. Akiona tone jekundu, anajua kinataka kujazwa. Anasoma jina lililo kati ya pembe, anaagiza kilichomo kwenye kibuyu cha jina hilo, anang'oa pembe, anabandika kidonge pengoni, ndipo anachoma. Asipoona tone hajazi kitu. Anachoma kilivyo, pembe na jina la kibuyu na yote.

Ni utaratibu mzuri. Sentensi moja inawatosha watu elfu. Lakini tone ni dogo, na watu husahau. Kigae cha lango kilisahauliwa tone enzi za babu yake Mdeka.

Cha matanga pia. Nyamizi hakuwa amefika mbali alipokuta watu wameketi mikekani, na msomaji anasoma: "Poleni, pembe, familia, pembe, kwa kuondokewa na, pembe, marehemu, pembe." Wafiwa waliinamisha vichwa na kulia kwa adabu. Nyamizi akachuchumaa karibu na mama mmoja aliyelia kuwashinda wote, akamuuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki.

"Mume wangu, dada."

"Pole sana. Mbona hawakumtaja?"

"Wamemtaja, hukusikia? Hicho kigae ndicho kilichomtaja baba yake, na babu yake pia." Akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kinasomeka vizuri, eh?"

Nyamizi akasema kinasomeka vizuri.

Nyamizi alimkuta Kalunde katika nyumba ya wageni, ameketi juu ya mkeka mpya, mbele yake sahani ya wali na kuku. Alikuwa amenenepa. Shingoni alining'iniza kigae kwa ukanda wa ngozi, na ukanda ulikuwa umemchimbia alama. Walikumbatiana, kigae katikati yao, wakalia mpaka kuku akapoa. Ndipo Nyamizi akashika mikono ya mdogo wake, akaigeuza viganja juu. Mikono ile aliijua ilivyokuwa na magamba ya udongo, kucha fupi, ngozi ngumu kama kisigino. Sasa ilikuwa laini kama ya mtoto wa wiki mbili.

"Kalunde, wamekufanya nini?"

"Wamenikarimu," Kalunde akasema. "Dada, wamenikarimu kweli kweli."

Akaeleza. Sote tunajua usemi wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu ni usemi. Pengoni ni sheria. Siku ya kwanza na ya pili mgeni hashiki kazi, haoshi hata kikombe, haruhusiwi kutoka, maana kumwachia mgeni aondoke hajatosheka ni aibu ya nchi nzima. Siku ya tatu anachagua mwenyewe: ashike jembe abaki, au ashike njia. Kigae cha mgeni hukandwa siku anayofika, hulala kikauke, huchomwa siku ya pili. Cha Kalunde kilikuwa na tone, tena zuri. Mjazaji akaagiza kibuyu cha jina, akapata Kalunde. Akaagiza kibuyu cha siku, na siku ile ilikuwa ya pili, akapata mbili. Kikachomwa.

"Na tangu hapo?"

"Tangu hapo ni siku ya pili. Kila asubuhi nafunga mzigo, naenda langoni. Baba Mdeka anasoma kigae, ananiambia mama rudi ukapumzike, kesho utatoka. Nami narudi, nakuta kuku." Akaisogeza sahani. "Dada, unakula kuku?"

"Na vile vigae unavyotuletea kila mwaka?"

"Salamu? Hizo wanachoma ishirini kwa mpigo, siku hiyo hiyo ya pili, kubana kuni. Vimebaki vinane."

Nyamizi akasogea karibu. "Kalunde. Lango lile halina ukuta."

"Unadhani sikuona? Mwaka wa pili nilipita kando, pamoja na mbuzi. Walinikimbilia kijiji kizima, wanalia, mgeni kapotea njia! Wakanibeba begani. Kwa siku saba wakanipa kuku wawili wawili." Akavuta pumzi. "Si watu wabaya, dada. Ndiyo maana siwezi kuwatukana."

"Wageni wengine wako wapi?"

Kalunde akaonyesha kwa kidevu nje ya dirisha, kwenye makaburi manane yaliyofagiliwa vizuri. Kila moja lilisimamishiwa kigae. Wote walikuwa wamefariki siku ya pili.

Wakati huo huo aliingia mfanyakazi, akampima Nyamizi shingo kwa kamba kwa heshima kubwa, akasema kigae chake kimeshakandwa na kesho adhuhuri kitachomwa, kisha akamwekea kuku. Nyamizi alikitazama kile kipande cha paja, na hapo akaelewa kwamba ana mpaka kesho adhuhuri. Ikipita, huko Mwisole mama yake atapokea vigae viwili kila mwaka, na ndoo zitakuwa mbili.

Hakula. Alitoka akaenda nyumba ya vibuyu.

Alipokelewa na mwanamke mfupi, nadhifu, aliyevaa aproni isiyo na doa. Aliitwa Bi Sikudhani, na kazi yake ilikuwa kibuyu kimoja tu: siku ya Kalunde.

"Kila asubuhi, kabla sijanywa uji," akasema, "natoa kidonge cha jana, natia cha leo. Miaka kumi na miwili. Niliumwa surua, nikaja. Nilijifungua mapacha, nikaja jioni. Hakijawahi kukosea." Akakifungua kibuyu, akamwonyesha. Kidonge kiliandikwa kwa mkono mzuri: elfu nne mia tatu tisini na mbili.

"Bi Sikudhani, umewahi kukiona kigae chake?"

"Kigae hakiingii humu, mama. Na kibuyu hakitoki. Ni sheria, visichanganyikane." Akatabasamu. "Lakini nakijua kinasema nini. Si kinatoka kwangu?"

Asubuhi ya pili Nyamizi akaomba baraza, akapewa, maana mgeni hanyimwi kitu isipokuwa kuondoka. Aliyeketi mbele alikuwa Mkuu wa Tanuri, Mheshimiwa Bulali, mtu mpole mwenye miwani na tabia ya kukubali kila neno kabla ya kulikataa. Nyamizi alieleza shida yake. Bulali akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, uchungu wako nauelewa," akasema. "Lakini tufuate hoja. Kigae cha ndugu yako kilijazwa kutoka kibuyuni, sivyo?"

"Ndivyo."

"Na kibuyu hakikosei. Bi Sikudhani ataapa."

"Naapa!" Bi Sikudhani akasema kutoka nyuma.

"Basi kitu kilichojazwa kutoka kwa kitu kisichokosea, kitakoseaje?"

Baraza likapiga makofi. Hapo wakasimama Wafungakamba. Hiki ni chama cha wazee wa Pengoni wasiopenda mapengo. Wao husema sentensi ifanywe kwa vigae vidogo vidogo, kila neno na kigae chake, vifungwe kwa kamba kimoja baada ya kingine. Kukiwa na kosa, mtu anafungua fundo. Ilikuwa hoja nzuri, na huenda ingeshinda. Lakini msemaji wao alikuwa na hotuba yake kwenye kamba, na aliyeifunga hakuacha nafasi kati ya kigae na kigae, hivyo ilibidi aisome yote kama neno moja, kwa pumzi moja, na katikati akakalishwa apepewe. Akasimama mwingine, Mzee Ngasa, mvi tupu, kutoa ushahidi. Sasa kamba ya Pengoni haifungi hesabu na neno. Hesabu lazima kwanza ipelekwe kwa Mgeuzi aigeuze iwe neno, na foleni ya Mgeuzi ni ndefu. Mzee Ngasa akasema, "Mimi Ngasa, mwenye umri wa," akaketi. Watu wakaitikia kwa heshima. Amekuwa akisema hivyo kwa miaka arobaini.

Jua lilikuwa linapanda. Nyamizi alitazama moshi wa tanuri, akaona unaanza kuwa mweupe, dalili ya kuni kukolea.

"Mheshimiwa," akasema, "kibuyu hakitoki na kigae hakiingii. Lakini nyumba ya vibuyu ina dirisha. Bi Sikudhani asimame ndani, baba Mdeka asimame nje na mdogo wangu, kila mmoja asome cha kwake kwa sauti. Kuna sheria inayokataza kupiga kelele?"

Hakukuwa nayo. Wakaenda wote. Bi Sikudhani akajifuta mikono, akakiinua kidonge, akasoma kwa majivuno: "Elfu nne mia tatu tisini na tatu!"

Mdeka akakisogeza kigae cha Kalunde kwenye mwanga. "Mbili," akasema.

Bi Sikudhani akatoa kichwa dirishani.

"Soma tena," Bi Sikudhani akasema.

"Mbili, bibie."

"Mbona sauti yako imekwama? Soma vizuri, Mdeka! Mimi nilikuja na surua!"

"Bibie, ni mbili. Ina mkia, imepinda hapa."

Bulali alivua miwani akaifuta. Akasema jambo hili ni zito, na kwamba kwa maoni yake pana akina Kalunde wawili, mmoja wa siku ya pili na mmoja wa siku hizo nyingine, na iundwe kamati ya kumtafuta huyo wa pili. Watu walikwishaanza kupendekeza majina ya kamati. Nyamizi akafungua kitambaa chake. Yalikuwa yamebaki maandazi sita, magumu. Akampa Bulali moja.

"Onja, Mheshimiwa."

Bulali akauma, akatafuna kwa muda mrefu. "Samahani, mama. Halina sukari."

"Halina. Nilisahau siku ya kukaanga. Lakini nyumbani nina kopo la sukari, limejaa mpaka kwenye mfuniko, na mama yangu analiongeza kila siku. Mbona basi andazi halijakolea?"

"Litakoleaje? Sukari iko kwenye kopo huko, na andazi limeshaka..." Akaacha kutafuna.

"Malizia, baba."

"Limeshakaangwa," Bulali akasema taratibu.

Bi Sikudhani dirishani alikuwa ameshika kibuyu chake kwa mikono miwili. Alikuwa akitazama ule mkia wa mbili.

"Sasa ukishasahau sukari, kwenu mnafanyaje?" Bulali akauliza, na safari hii aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Tunakanda mengine, baba. Kalibu ya kigae cha mgeni si ipo?"

"Ipo."

"Udongo?"

"Upo."

"Na kibuyu cha Bi Sikudhani hakijakosea hata siku moja. Mkikikanda upya, mkijaze leo, mkichome leo, kitasema ya leo."

Wazee wakafungua masanduku ya sheria. Hawakupata mahali palipokatazwa kumkandia mgeni kigae cha pili. Jambo hilo liliwatia wasiwasi, wakarudia kutafuta. "Na hiki cha zamani?" Bulali akauliza. "Tutakitangaza kuwa mwongo?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hakikusema uongo. Siku kilipochomwa ilikuwa kweli."

Hilo liliwapendeza sana. Wakaruhusu. Ila wafinyanzi wa tanuri walikataa kukanda, kwa sababu hapakuwa na sentensi ya kuwaamuru. Kalunde hakuruhusiwa kugusa udongo, yeye mgeni. Akabaki Nyamizi, ambaye alikuwa bado hana kigae shingoni, hivyo kisheria alikuwa hajawa mtu wa namna yoyote. Akakunja mikono ya gauni, akakanda.

"Si hivyo, dada! Huo si unga!" Kalunde alikuwa anaruka ruka pembeni, mikono nyuma. "Toa hewa! Ugonge, ugonge! Ukibaki na hewa utapasuka motoni!"

"Nyamaza wewe, mgeni."

"Utapasuka nirudi kwenye kuku!"

Kikatoka kwenye kalibu kikiwa kizima, pembe zimesimama. Kilihitaji kulala siku moja kikauke. Na adhuhuri ilikuwa imefika, na mjazaji, mtu mwembamba mwenye nyusi zilizoungua, alikuwa amekishika kigae cha Nyamizi mwenyewe, tayari kwa moto.

"Baba," Nyamizi akasema, "utawasha tanuri leo kwa kigae kimoja, na kesho uliwashe tena kwa kimoja? Kuni zenu mmezichoka?"

Mjazaji alizitazama kuni. Watu wanaochoma salamu za miaka ishirini kwa mpigo hawawezi kusikia neno kama hilo wakabaki na amani. Akakirudisha kigae kivulini.

Asubuhi ya tatu walikuwa wote mbele ya tanuri. Mjazaji akakiinua kigae kipya cha Kalunde, akakitazama kichwani, akasema, "Hakina tone," akakielekeza motoni kilivyo.

Nyamizi akaruka mbele. Alikuwa amekumbuka hewa, amekumbuka pembe, amesahau tone. Naye alikuwa ameshangaa siku mbili nzima jinsi watu wanavyoweza kusahau kitu kama hicho.

"Ngoja!" akasema. "Rangi iko wapi?"

"Imefungiwa. Mwenye ufunguo yuko matangani."

"Anarudi lini?"

"Kigae cha matanga hakisemi."

Mkono wa mjazaji ulikuwa umeshaingia kwenye joto. Sasa, kando ya Kalunde, kama kila asubuhi, palikuwa na sahani ya mgeni, na mpishi wa Pengoni hutia nyanya nyingi. Mgeni haruhusiwi kugusa kazi, lakini hakuna sheria imkatazayo kugusa chakula chake. Kalunde akachovya kidole kwenye mchuzi wa kuku, akapiga hatua mbili, akakibonyeza kichwani mwa kigae.

Ilikuwa mara ya kwanza kugusa udongo baada ya miaka kumi na miwili. Hakukiondoa kidole upesi.

Mjazaji aliinama akachunguza. "Ni nini hiki?"

"Ni tone," Kalunde akasema.

"Ni jekundu?"

Bulali akaja na miwani. Mdeka akaja. Wakakubaliana ni jekundu. "Kama ni tone, na ni jekundu," mjazaji akasema, "mimi najaza." Akageukia nyumba ya vibuyu, akaita: "Jina!" Likaletwa, Kalunde. Akaita: "Siku!"

Bi Sikudhani alikileta kidonge mwenyewe, amekishika kwa vidole viwili kama yai. Alisimama mpaka alipokiona kimebanwa pengoni na pembe zimeng'olewa. Ndipo akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Kumbe hivi ndivyo kinavyokaa."

Vikachomwa pamoja. Langoni, Mdeka alisoma cha Nyamizi kwanza: mgeni wa siku ya tatu, apite. Na kwa kuwa kimechomwa hivyo, mpaka leo Nyamizi huko ni wa siku ya tatu, anaweza kutoka saa yoyote atakayo. Kisha akasoma cha Kalunde, kidole kikifuata maneno. "Mimi Kalunde ni mgeni wa siku ya elfu nne mia tatu tisini na nne." Akamtazama kwa masikitiko. "Mama, siku yako ya tatu ilipita zamani. Ulikuwa wapi muda wote huu?"

"Nilikuwa nakula kuku, baba Mdeka."

"Usituzoee namna hiyo," Mdeka akasema, akafungua komeo.

Baraza la Pengoni, ili jambo hili lisijirudie, lilipitisha azimio kwamba kuanzia sasa kila kigae kisomwe pamoja na kibuyu chake kabla ya kutumika. Azimio lilikandwa kwa udongo mzuri, likachomwa, likatundikwa barazani, na linasomeka mpaka leo: "Kuanzia, pembe, tarehe, pembe." Bi Sikudhani kesho yake aliamka kabla ya uji, akatoa kidonge cha jana, akatia elfu nne mia tatu tisini na tano.

Walifika Mwisole jua likiwa limeinama kidogo. Ndoo ilikuwa imeshajazwa. Mama yao alimshika Kalunde uso kwa mikono miwili, akapitisha vidole kwenye mashavu, kwenye kidevu, kwenye ile alama ya ukanda shingoni.

"Huyu amejaa," akasema. "Kalunde wangu alikuwa mwembamba. Hata kanga nilizomwekea hazitamtosha." Vidole vikarudi tena kwenye mashavu, vikaanza upya. "Haya. Karibu, mgeni. Kaoge, maji yako tayari."

Kalunde akaoga. Jioni hiyo mama aliamuru kuku achinjwe. Kalunde alimtazama Nyamizi, Nyamizi akatazama pembeni, wakala. Siku ya pili, mama akamkatalia kuosha kikombe, akamkatalia kushika ufagio, akamchinjia kuku mwingine, na Kalunde akala bila neno, lakini usingizi haukumjia vizuri.

Siku ya tatu asubuhi alifungua mlango. Nje, limeegemezwa ukutani chini ya vile vigae kumi na viwili, palikuwa na jembe. Mpini ulikuwa mpya, umepigwa msasa, umepakwa mafuta kwa mkono wa mtu asiyeona, maana mengine yalimwagika.

"Kalunde," mama akaita kutoka ndani, "umelala mpaka saa hizi? Ule mchicha nani ataupalilia?"

Kufika adhuhuri alikuwa amepalilia matuta mawili. Alikuja mbio mpaka kwenye karai la maandazi, machozi yanamtiririka, anacheka, ameshika mkono wake mmoja kwa mwingine kama mtu aliyeokota ndege.

"Dada, tazama," akasema, akafungua kiganja. "Lengelenge."

Hapo ndipo hadithi ilipoweka mzigo chini. Aliyeisikiliza ameketi siku mbili, mlango uko pale na jembe liko nje.